Maji ya Nanaa ya Makori wa Nyacheki

Makori Onyiego wa Nyacheki alikaa Sharja miaka sita akichochea moto chini ya chungu cha ajuza mmoja, kisha akarudi kwao anajiita tabibu. Tuanzie hapo, kwa sababu mwenyewe hapendi kuanzia hapo. Yeye huanzia mbali, kwa wafalme wa Uajemi na vitabu vyao vizito, akiuruka ule moto kama mtu anayeruka kinyesi cha ng'ombe njiani. Lakini kazi iliyompeleka kule ilikuwa kulinda lango na kumwagilia bustani, na bustani yenyewe, jamani, ilikuwa vyungu vya maua barazani.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi Mahin, Mwajemi wa Shirazi, mjane mwenye pua ndefu na subira fupi. Bibi huyu aliamini mimea kuliko madaktari, na katika mimea yote aliipenda nanaa, yale majani mabichi ambayo harufu yake hupanda mpaka nyuma ya macho. Kichwa kikimuuma, alitwanga nanaa akajipaka kwenye paji la uso. Akila mtindi, aliunyunyizia nanaa kavu, maana mtindi, alisema, ni baridi, na nanaa ni moto, na tumbo la binadamu linataka hivyo viwili vipatane mlangoni kabla ya kuingia. Tumbo likijaa upepo, alikunywa maji ya nanaa pamoja na kipande cha sukari ya mawe.

Na maji hayo hayakuwa majani yaliyochemshwa hivi hivi. Yalikuwa mvuke. Kila mwaka Bibi alijaza nanaa kwenye chungu cha shaba, akaziba mfuniko kwa unga uliokandwa, akapitisha bomba ndani ya beseni la maji baridi, na upande wa pili yakatoka matone safi kama machozi, moja moja, kutwa nzima. Nani aliyechochea moto? Makori. Nani aliyesimama pale akitiririkwa na jasho huku Bibi akimfokea, "Punguza! Unapika nanaa au unachoma nyumba?" Makori.

Shule yake yote ndiyo hiyo. Bibi Mahin alipochukuliwa na watoto wake kwenda kuishi nao, Makori alirudi Nyacheki na viatu vya ngozi, maneno machache ya Kiajemi ambayo hakuna wa kuyahakiki, na mizizi ya nanaa aliyoificha ndani ya soksi iliyoloweshwa. Akaipanda kando ya kijito.

Nanaa ukiipa nafasi haiombi ruhusa. Kabla mvua hazijaisha ilikuwa imepanda kutoka kijitoni mpaka kwenye tuta la chinsaga la mkewe, Drusilla. Na chinsaga, kwa asiyejua, ni ile mboga chungu ambayo Mgusii akiikosa wiki nzima huanza kuongea na ukuta. Drusilla ndiye aliyebaki nyumbani ile miaka sita. Alichuma chai, akasomesha watoto, akajenga jikoni, akamzalisha ng'ombe kwa mikono yake. Hakuwa mtu wa kutaniwa na gugu.

"Baba Beverlyne," alisema, ameshika kiuno, "hili gugu lako limekula mboga yangu."

"Si gugu hilo, mama. Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya maumbile. Kila mtu ana umbile lake. Wewe umbile lako ni baridi, tena la unyevunyevu. Ndiyo maana una hasira."

"Ningekuwa baridi ningeshaganda hapa nikikungoja. Shika jembe."

Hakushika jembe. Tabibu hashiki jembe. Alikaa barazani na viatu vyake vya ngozi akiwagawa wanadamu: huyu moto, yule baridi, huyu mkavu, yule mbichi. Ndizi alizitangaza kuwa baridi. Maziwa ya mgando, baridi. Wimbi, yaani ulezi, akaupa cheo cha moto. Nusu ya Nyacheki, kwa hesabu yake, ilikuwa inakula vibaya tangu mababu, na ni ajabu kwamba ilikuwa hai. Mwanamke anayeumwa mgongo alipewa nanaa. Mzee mwenye meno yanayotikisika alipewa nanaa. Mwalimu aliyekuja kuuliza tu njia ya kwenda mtoni aliondoka na nanaa. Wagonjwa wote walipona namna moja: waliionja, wakaiona tamu, wakarudi kuomba nyingine ya kutia kwenye chai.

Hilo lilimuuma. Watu walimwita tabibu kwa namna ile wanavyomwita mtoto "mheshimiwa" akivaa koti la babake. Na waliomcheka kwa moyo wote hawakuwa wa Nyacheki. Walikuwa wakwe zake kule Manga, juu mlimani, ambako mpaka leo hakuna anayemtaja kwa jina. Ni "yule wa Drusilla." Alipokuwa Sharja, alikuwa "yule wa Drusilla aliyepotea." Aliporudi, "yule wa Drusilla anayeuza majani." Makori alihitaji mgonjwa mmoja, mmoja tu, apone mbele ya macho ya watu wa Manga. Apone waone, waseme, na habari iteremke mlima ikiwa na jina lake.

Basi Drusilla akarudi siku moja kutoka kwao na uso uliokunjamana. Mama yake, Nyakerario, tumbo lilikuwa limemjaa kama ngoma. Walikuwa wamempeleka hospitali, wakampima kila kitu, wakamwambia ni gesi tu, apunguze maharagwe. Vidonge alivyopewa alivitupa chooni, ati vina harufu ya chaki, na maharagwe hakupunguza.

Makori alisimama. Drusilla alipoona vile alivyosimama, alijuta kufungua mdomo.

"Mama Beverlyne, mpigie Bosire."

Bosire ni kaka yake Drusilla, mwenye duka la mabati na misumari, shemasi wa Kisabato, mtu anayevaa tai hata akienda kufungua zizi. Alisikiliza kwenye simu habari zote za Shirazi, za moto na baridi, za Bibi Mahin, mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "mama yangu hatakunywa maji ya chupa kutoka Nyacheki. Nani anajua umeyatoa wapi? Kama ni dawa kweli, njoo uipike hapa kwangu, Jumapili, tuone kwa macho yetu. Na ikishindwa, shemeji, usinitajie tena hayo mambo ya Waajemi. Hata kwenye mazishi yangu."

"Nitakuja," Makori akasema, kifua kimejaa.

Sasa, chungu cha shaba hakuwa nacho. Alikwenda mjini Kisii kwa fundi mmoja wa mabati, akamchorea kwenye vumbi kile alichotaka: pipa dogo lenye mfuniko wa kubana, bomba refu, mkunjo hapa, mkunjo pale. Fundi alitazama mchoro kwa muda mfupi sana kwa mtu anayeona kitu kigeni.

"Hii nakutengenezea leo leo, mzee. Unataka bomba la kuingia begini au la kawaida?"

"Ni ya nanaa," Makori akasema.

"Najua," fundi akajibu, akimkonyeza. "Yote huwa ni ya nanaa."

Mtu mwingine yeyote aliyezaliwa Gusii angeelewa pale pale. Mtambo wa aina ile kila mtu anaujua, maana ndio unaopika chang'aa, ile pombe haramu, kwenye mabonde, na ukikutwa nao utalala ndani. Lakini Makori alikuwa amekaa sana kwa wafalme. Aliufunga ule mtambo nyuma ya bodaboda, bomba likitazama mbinguni, gunia la nanaa mbele, Drusilla amepanda boda ya pili akijifunika uso kwa leso, wakapanda mlima wa Manga Jumapili mchana kweupe.

Walipopita sokoni, mazungumzo yalikatika. Mzee mmoja alivua kofia. Kina mama waliotoka kuuza ndizi walitazamana. Makori, akiona vichwa vinageuka, aliona kwamba sifa zake zimemtangulia, akainua mkono na kuwapungia. Kufikia njia panda ya kwa Bosire, wanaume kadhaa walikuwa wanamfuata polepole nyuma, kwa adabu, mikono mfukoni, wakiongozwa na Okemwa, ambaye ndani ya koti lake, kila mtu anajua, hakukosekani kikombe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpima mgonjwa, na hapo ndipo tabibu alipokutana na ukuta. Kwa Waajemi, tabibu hushika mshipa wa mkono, hutazama ulimi, huuliza juu ya choo. Kwa Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya aibu kati ya wakwe, na chinsoni haina Uajemi. Mkwe wa kiume hamshiki mkono mama mkwe. Haingii chumbani kwake. Hali naye, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja hupisha majanini. Kuhusu ulimi wake, kuhusu tumbo lake, mkwe hajui hata kama anavyo.

"Sasa utampimaje?" Bosire aliuliza, tai shingoni, akifurahia.

"Tabibu wa kweli hahitaji kuona," Makori akasema. Akaketi uani kwenye kigoda, mgongo ukiwa umeelekea nyumba, akaitazama migomba kwa makini kana kwamba migomba ndiyo wagonjwa. Drusilla akawa anaingia na kutoka.

"Muulize yeye ni mtu wa moto au wa baridi."

Drusilla akaingia, akatoka. "Anasema yeye ni mtu wa Manga."

"Muulize... muulize kile kilichomjaa, kimemjaa wapi."

"Sitamuuliza hivyo nikitumwa na wewe!"

"Basi imetosha," akasema Makori kwa sauti ya daktari. "Nimeshaelewa."

Moto ukawashwa nyuma ya jikoni, chini ya mparachichi. Nanaa ikaingia pipani, maji yakamiminwa, mfuniko ukazibwa kwa unga wa ngano, bomba likapitishwa kwenye karai la maji ya kisima. Hapa, tumpe haki yake, kidogo: mtu huyu moto anaujua. Hakuuacha ukapanda, hakuuacha ukalala. Harufu ilipoanza kutoka, ile ya kijani inayofungua pua, hata Bosire alivuta hewa akajifanya anakohoa. Tone la kwanza likaanguka kwenye chupa. Likaja la pili.

Lakini watu wa mbali hawanusi, wanaona. Na walichoona ni moshi nyuma ya jikoni, pipa, bomba, karai, na matone. Okemwa na wenzake walikuwa wamekwisha kuketi kwenye ukingo wa shamba la chai kwa utulivu wa watu walio kanisani. Jirani akapiga simu. Punde akaingia Haron, mzee wa kijiji, na fimbo yake na koti la kaki, akisema kabla ya salamu:

"Bosire! Shemasi! Kwako?"

Uso wa Bosire ulibadilika rangi. "Mzee, si hivyo. Ni shemeji. Ni dawa."

"Wote husema dawa." Haron aliuzunguka mtambo, akaugonga kwa fimbo. "Nimevunja mingi ya hii kuliko nywele zako. Mkwe! Umeacha Nyacheki yote na mabonde yake, ukaja kupikia chang'aa nyumbani kwa mama mkwe?"

"Mzee, hii ni elimu ya Shirazi. Wafalme..."

"Hao wafalme walikuwa na leseni? Nampigia chifu."

Makori alitazama huku na huku. Viatu vya ngozi vilikuwa vimejaa majivu. Jina aliloota kulishusha mlimani lilikuwa sasa linashuka kweli, likiwa na pingu: yule wa Drusilla aliyepika pombe kwa mkwewe. Hata akiachiliwa, huko Manga asingekanyaga tena.

"Onjeni basi!" alilia. "Onjeni!"

Okemwa alikuwa amefika kabla neno halijaisha, kikombe mkononi. Akapewa. Akagida, kisha uso wote ukamkunjika kwa huzuni isiyo na mfano.

"Hii ni dawa ya meno," akasema. "Mzee, mtu huyu ni mwovu. Ametupotezea Jumapili."

"Umesikia?" Makori akamgeukia Haron.

"Okemwa si shahidi. Okemwa ukimpa mafuta ya taa atasema ni chai ili mtambo usivunjwe. Wewe mwenyewe pia hapana, wewe ni mshtakiwa. Bosire, wewe ni mtu wa kanisa. Onja."

Bosire akarudi nyuma. "Mimi? Nikionja na ikawa siyo? Jumamosi nasimama mbele ya watu na sadaka mkononi!"

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka, na Nyakerario mwenyewe akatoka, mwembamba wa miguu, tumbo mbele, leso imefungwa juu yake kama turubai. Makori alimwona kwa pembe ya jicho, akageuka upesi akaikabili migomba.

"Nimezaa watu wazima wasiojua kunusa," akasema. "Haron, na wewe pua yako uliiazima? Leteni hapa. Si mimi mgonjwa?"

"Mama, mkwe yuko hapa," Bosire akanong'ona. "Hunywi mbele ya mkwe."

"Amenipa mgongo. Na mimi nampa wangu."

Akaletewa kigoda. Wakakaa hivyo, yeye akitazama nyumba, Makori akitazama migomba, migongo miwili na moto katikati. Drusilla akamtilia mama yake kikombe, akamwekea kipande cha sukari kwenye kiganja. Nyakerario akanusa, akasonya, akanywa yote. Akafuta mdomo.

"Haron, hakuna pombe. Ni majani. Nenda nyumbani."

Haron akashusha fimbo. Makori akapumua. Ile hatari ya kwanza ilikuwa imepita, na sasa akaanza kuvimba tena, taratibu, kama andazi kwenye mafuta. Lakini nanaa haikuwa imemaliza kazi yake. Bibi Mahin alikuwa akisema maji haya huingia tumboni na kutafuta upepo ulipojificha, na huutoa nje. Huutoa. Makori alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi, na hakuwahi kukaa chini akafikiria njia.

Kwanza ulikuja mbweu, mzito, wa kutoka mbali. Kila mtu akatazama chini. Kisha kigoda kikatoa mlio, na hakikuwa kigoda.

Ulikuwa mrefu. Kuku walisimama. Ulifika mahali mtu angedhani umekwisha, ukachukua kona, ukaendelea. Ulikuwa na ukoo mzima ndani yake, maharagwe ya msimu mzima. Okemwa, ambaye hajawahi kuheshimu kitu, alivua kofia. Haron akaanza kuhesabu maparachichi juu mtini. Bosire akakohoa kwa sauti ya kwaya, lakini alichelewa kuanza na akamaliza mapema.

Nyakerario akainuka. Leso ilikuwa imelegea tumboni.

"Drusilla," akasema kwa sauti nyepesi ya msichana, "zile ndizi zilibaki?" Akaingia jikoni kwa hatua ndefu, hakutazama mtu.

Makori aligeuka. Uso wake uling'aa kama pipa lake. Alikuwa amempata! Mgonjwa mmoja, mchana kweupe, mbele ya shemasi, mbele ya mzee wa kijiji, mbele ya Manga! Akafungua mdomo aseme "Mmeona?" Lakini hakuna aliyeona. Akataka kusema "Mmesikia?" na hapo akakutana na macho ya Drusilla, mdomo ukabaki wazi bila kazi.

Kwa sababu mkwe hakusikia. Mkwe aliyesikia kitu kama kile kutoka kwa mama mkwe hana mahali pa kuweka uso, na akikisema kwa mdomo wake ndiyo kabisa. Bosire naye hakusikia, ni mama yake. Haron hakusikia, kwa sababu Manga pale ni ukoo mmoja na yeye humwita mama. Okemwa vilevile. Ua wote ulijaa watu ambao hawakusikia kitu chochote.

"Basi," Bosire akasema, akinyoosha tai. "Asante kwa kututembelea, shemeji. Mvua ikinyesha barabara huwa mbaya."

Makori akafunga mtambo wake.

Angalau, alijifariji akiteremka mlima, watakaa na ukweli moyoni. Lakini alimsahau yule mwenye bodaboda aliyembeba, mtu wa Suneka asiye na mkwe Manga wala shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye pikipiki yake ukingoni mwa ua wakati wote, akiuma kola ya koti. Mtu huyo hakufungwa na heshima ya yeyote. Kabla ya jua kutua, habari ilikuwa imefika kila kituo cha boda mpaka Nyamarambe, pamoja na mlio, maana alikuwa anauiga vizuri.

Nyakerario hakutuma shukrani. Alituma chupa tupu, kupitia kwa Drusilla, iliyofungwa kwenye gazeti, bila neno. Makori huijaza. Anawasha moto, anapunguza, anangoja matone, mtambo ukiwa nyuma ya nyumba na barua ya Haron imebandikwa ukutani kuthibitisha kwamba si pombe. Drusilla amehamishia chinsaga yake upande wa juu, na nanaa ameiacha.

Ila asubuhi kwenye kituo cha kununulia chai, watu wanapopanga foleni na vikapu vyao, humngoja afike.

"Tabibu! Karibu, tabibu. Tumesikia dawa yako ilifanya kazi Manga."

Makori huweka kikapu chini, chupa ya mama mkwe ikiwa imetuna kwenye mfuko wa koti, ananukia nanaa kuanzia kola mpaka viatu.

"Nani amewaambia?"

"Wanasema ilifanya kazi kwa nguvu. Wanasema hata kuku walisimama."

"Hapana," husema yule mtu aliyejisifu mbele ya kila mlango wa Nyacheki, akitazama majani ya chai. "Haikufanya kitu. Hakuna kilichotokea. Naapa, haikufanya kitu chochote."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ile si dawa. Ni majani tu ya kutia kwenye chai."